Rangi Tatu za Televisheni ya Mgongo
Televisheni ya mgongo hupokea mchezo wa PlayStation ya zamani kupitia waya wa njano, unaobeba mwangaza na rangi zote zikiwa zimechanganywa. Ndiyo maana herufi hutetemeka na wekundu humwagika nje ya mipaka yake. Katika nyumba za Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, waya huohuo ndio uliounganisha seti kuukuu na king'amuzi matangazo ya analojia yalipozimwa mwaka 2015. Tiba bora ya rangi hizo zinazomwagika imo ndani ya seti yenyewe. Katika seti nyingi, chipu ya picha hupokea menyu ya sauti na chaneli kwa njia tatu: nyekundu, kijani na bluu. Fundi mwenye mchoro wa saketi huchomelea nyaya hapo kwa risasi, akaweka rezista za omu 75, na mchezo ukaingia na rangi zake safi, kila moja kivyake. Kazi hii inastahili heshima, maana huokoa kifaa kizima kisitupwe. Lakini kioo huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata umeme ukishachomolewa. Asiyejua kuiondoa chaji hiyo asifungue kifuniko.