Msaidizi si Kibarua

Mama mmoja wa Sikonge ananiuliza: mumewe akiuza tumbaku hamwambii amepata kiasi gani, eti kwa kuwa Biblia imemwita mwanamke "msaidizi" tu. Afanyeje?

Mama yangu, neno la Kiebrania katika Mwanzo 2:18 ni *ezer*. Neno hilohilo Zaburi ya 121 inalitumia kwa msaada wa Mungu. Je, Mungu naye ni kibarua wetu? Tena linafuatwa na *kenegdo*, yaani anayemkabili, wa kulingana naye.

Wazee wetu Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo wangeelewa upesi. Pembe nzito ilifungwa kwenye mti, watu wawili wakaibeba mzegazega. Wa nyuma hakuwa mtumishi wa aliye mbele. Akiachia yeye, mzigo uko chini.

Baba, mwenzio alipanda, akapalilia, akachuma na kukausha. Mzigo mmeubeba wawili, basi na fedha zihesabiwe mkiwa wawili.

Mama, msomee haya jioni, akishashiba.