Acheni Kuboresha Kitu Ambacho Hamjakipima

Samahani kwa kimya cha wiki tatu, wasomaji wangu. Nilikuwa chini ya meza, bisibisi mkononi, na nimetoka huko na hasira.

Kisa ni amplifaya ya Mzee, NAD 3020. Kwa wasioijua, ilitoka mwaka 1978, ina wati 20 tu kila upande, haina rimoti wala taa za disko. Mzee aliinunua mtumba kabla sijazaliwa. Mwaka jana upande wa kushoto ukaanza kukatika. Ukigonga kifuniko, sauti inarudi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hata hakuiwasha. "Kijana, hii imezeeka. Tuiwekee transista mpya zenye nguvu, utasikia tofauti." Nikalipa. Tofauti niliisikia kweli: kushoto bado kunakatika, na sasa kulia kunachemka kama pasi.

Jamani, kazini nikiletewa hitilafu siandiki programu upya eti kwa sababu ina miaka mingi. Kwanza nahakikisha hitilafu inajirudia, halafu nabadilisha kitu kimoja tu na kuangalia. Basi nikafanya hivyo hivyo. Nikazima, nikabadilishana spika za kushoto na kulia: bado kushoto. Nikabadilishana nyaya zinazotoka kwenye redio: bado kushoto. Kwa hiyo spika ni nzima, redio ni nzima, ugonjwa uko ndani ya boksi. Nyuma ya NAD hii kuna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U, vinavyounganisha sehemu ya mwanzo na sehemu ya nguvu. Kuvichomoa, vimeota kutu nyeusi. Nikavisugua, nikavirudisha. Sauti ikarudi, na haijakatika tena. Gharama yake ni kitambaa na spiriti kidogo.

Kule kulia ndiko kulikonila wikendi mbili. Ukibadilisha transista za mwisho lazima upime upya mkondo unaopita wakati hakuna muziki. Fundi hakupima. Nilifanya kazi hiyo huku nimeunganisha balbu ya wati 60, ile ya kizamani ya waya, kwenye njia ya umeme. Kukiwa na shoti, balbu inawaka sana na amplifaya haiungui. (Na kapasita kubwa hubaki na chaji hata ukichomoa plagi, kwa hiyo usitie vidole ovyo.)

Najua mtakaloniambia: "Nenda Luthuli Avenue ununue mpya ya wati 5000." Sawa, isome ile namba vizuri. Mbele yake wameandika PMPO, kipimo ambacho hakina kiwango chochote kinachokubalika. Geuza boksi uangalie fyuzi. Ikiwa ni ya ampea 2, zidisha kwa volti 240: wati 480, na hizo ndizo zinazoingia zote, kabla joto halijachukua fungu lake. Hizo nyingine 4,520 zimetoka kwa nani? Isitoshe, kutoka wati 20 hadi 40 ni desibeli 3 tu. Jirani hatagundua.

Sipingi kuboresha. Kapasita za umri huu hukauka, na nitazibadilisha: thamani ileile, volti zilezile au zaidi, za kustahimili nyuzi 105, na chanya na hasi mahali pake. Kwenye tundu la AUX nimechomeka kipokezi kidogo cha Bluetooth, sasa Mzee anacheza rumba kutoka kwenye simu. Lakini hayo yalikuja baada ya kuujua ugonjwa.

Na hapa lawama nyingine ni yetu wateja. Fundi akikwambia "nimetafuta saa tatu, nimepangusa vyuma viwili, nipe elfu moja", utasema amekuibia. Akikuonyesha transista mpya inayong'aa, unatoa pesa bila swali. Tunalipia vipuri, hatulipii kutafuta, halafu tunashangaa hakuna anayetafuta. Wenzangu wa programu mnajua ninachosema. Mteja wenu naye ni huyo huyo.

Juzi nilirudi kwa yule fundi kumwomba zile transista za zamani, kwa kuwa hazikuwa na kosa lolote. Alishaziuza.