Taa za Usiku Zawapoteza Wageni Wetu

Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba, ndege wadogo waimbaji huikimbia baridi ya Ulaya na Asia, wakapita anga ya Kenya usiku wakielekea kusini. Wengi hawafikii uzani wa gramu 30. Nyota na nguvu za sumaku ya dunia ndizo dira yao.

Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, wataalamu wamekuwa wakiwachunguza ndege hao tangu mwaka wa 1969. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukitanda, taa za hoteli huwavuta kwa wingi. Hunaswa kwa nyavu, huvishwa pete miguuni, kisha huachiliwa. Baadhi ya pete hizo zimepatikana baadaye Ulaya na Bara Arabu.

Elimu hiyo ina thamani kubwa. Hata hivyo, nionavyo mimi, inatupa pia onyo. Ikiwa taa za hoteli moja porini zaweza kuwashusha ndege wengi hivyo, sembuse maghorofa ya vioo ya Nairobi? Mjini Chicago, Marekani, ndege karibu 1,000 walikufa Oktoba 5, 2023 kwa kugonga madirisha ya jengo moja la mikutano. Mwaka uliofuata, vioo vya jengo hilo vilitiwa vitone ili ndege wavitambue.

Wapo watakaodai kuwa giza ni rafiki wa wezi. Sizungumzii taa za barabarani. Nazungumzia taa za mapambo na za orofa za juu zinazowaka ilhali ofisini hamna mtu. Kuzizima saa sita za usiku katika miezi hiyo 3 hakumwondolei yeyote usalama, na gharama ya umeme itapungua.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi na wenye majumba walitafakari jambo hili. Nao wapenzi wa ndege wenye kamera wasingoje safari ya Tsavo. Wapite alfajiri chini ya maghorofa ya jiji, wapige picha za ndege walioanguka na kuandika tarehe na mahali, ili tuamue kwa ushahidi.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege hawa hula wadudu mashambani mwetu bila kutudai hata senti. Tusiwalipe kwa kuwavunja shingo.