Msichana Mjamzito Asiachwe Peke Yake



Ndugu msomaji, parokia zetu zinajua kutetea uhai kwa maneno. Tunasali Rozari kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa, tunahubiri dhidi ya utoaji mimba, na tunarejea mara kwa mara mafundisho ya Mtakatifu Yohane Paulo II katika waraka wake wa Injili ya Uhai wa mwaka 1995. Hayo yote ni mema. Lakini msichana wa miaka 16 akigundulika kuwa na mimba, swali la kwanza analoulizwa ni nani amempa. La pili, kama ni mwanakwaya, ni lini atarudisha sare. Swali la tatu, yaani nani atamsindikiza kliniki na nani atakuwa naye siku ya uchungu, mara nyingi haliulizwi kabisa.

Maoni yangu ni kwamba swali hilo la tatu ndilo linalopaswa kuwa la kwanza. Na parokia inaweza kulijibu bila kusubiri mfadhili, kwa sababu halihitaji jengo. Linahitaji mwanamke mmoja mwenye moyo na muda.

Tunawazungumzia akina nani?

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikuwa umekuta asilimia 27. Hatua imepigwa, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya kila watano. Majina yao yamo kwenye daftari la Kipaimara. Wamo VIWAWA, wamo TYCS, wamo katika jumuiya zetu ndogondogo.

Shirika la Afya Duniani linatukumbusha kuwa mama mwenye umri wa miaka 10 hadi 19 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko mama wa miaka 20 hadi 24. Mtoto wake naye yuko katika hatari zaidi ya kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Kwa hiyo huyu ndiye mjamzito anayehitaji kliniki kuliko wengine wote, na ndiye anayechelewa kwenda, kwa sababu anaficha tumbo.

Kuna jambo lingine tunalolisahau. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema kwamba mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake anabaka, hata kama msichana alikubali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Maana yake ni kwamba wengi wa wasichana tunaowasimamisha kwaya ni watu waliotendewa kosa, siyo wakosaji. Aliyempa mimba mara nyingi anaendelea kukaa kwenye benchi lake la kawaida kanisani, kwa kuwa yeye hana tumbo linaloonekana.

Dula ni nani?

Katika nchi nyingine kumekua utumishi wa wanawake wanaoitwa dula. Neno hili limetoka katika Kigiriki, na maana yake ya asili ni mjakazi, mtumishi wa kike. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, alilitumia kumwita mwanamke anayemtunza mama mwenzake katika kipindi cha uzazi, na kuanzia hapo likaenea.

Dula si mkunga. Hapimi njia, hachomi sindano, hatoi dawa wala mitishamba, na hapingani na nesi. Kazi yake ni kuwepo. Anamjua mjamzito mapema, anakwenda naye kliniki, anamsaidia kuelewa alichoambiwa. Uchungu ukianza anamsugua mgongo, anampa maji, anamkumbusha kupumua, anamwambia kuwa hafi. Baada ya kujifungua anamsaidia kumnyonyesha mtoto na anamtembelea nyumbani.

Msomaji atasema haya bibi zetu waliyafanya. Ni kweli kabisa. Kwetu mwanamke hakuachiwa uzazi wa kwanza peke yake. Kulikuwa na mama, bibi, shangazi, mama mkwe, na huko pwani kungwi na somo. Katika makabila mengi binti aliyeolewa alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Lakini tuangalie vizuri: msaada huo wote ulipita katika mlango wa ndoa. Binti aliyepata mimba nyumbani anakosa vyote kwa mpigo. Mama amekasirika, baba hataki kumwona, shangazi anasema aliyataka mwenyewe, na mama mkwe hayupo. Yule aliyehitaji watu wengi kuliko wote ndiye anayebaki hana hata mmoja.

Kwamba mtu wa kukaa naye ana faida siyo hisia tu. Mwaka 1980 madaktari John Kennell na Marshall Klaus na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika hospitalini nchini Guatemala miongoni mwa wanawake wanaozaa kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa wale ambao uchungu wao haukuwa na matatizo, waliokaliwa na mwanamke wa kuwafariji walijifungua kwa wastani wa karibu saa 9 tangu kulazwa. Walioachwa kwa utaratibu wa kawaida walichukua saa 19.3. Mwanamke huyo wa kufariji hakuwa na taaluma ya uuguzi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017, uliojumlisha tafiti za wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, ulikuta kuwa wanaopata msaada wa mfululizo wakati wa uchungu huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi na kupasuliwa kwa nadra zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe wakati wote wa kujifungua.

Kwa wasichana hasa, mfano unaojulikana ni wa Chicago, ambako mwaka 1996 ulianza mpango wa kuwapa mama vijana dula kutoka mitaa yao wenyewe. Katika utafiti mmoja uliofanyika huko miongoni mwa mama vijana wa kipato cha chini, asilimia 64 ya waliopewa dula walijaribu kunyonyesha, dhidi ya asilimia 50 ya wasiopewa.

Na tusidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mkoani Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, mradi wa Thamini Uhai uliwezesha wanawake kuwa na msindikizaji kando yao wakati wa kujifungua katika vituo vya serikali. Kama imewezekana Kigoma, kwenye vituo vyenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, haiwezi kushindikana katika hospitali na zahanati za majimbo yetu.

Mjakazi wa Bwana

Sisi Wakatoliki tuna sababu ya pekee ya kulipenda neno hili. Katika Injili ya Luka, Bikira Maria anapomjibu malaika Gabrieli, neno la Kigiriki analojiita ni hilo hilo: *doulê*, mjakazi wa Bwana. Na tuangalie anachofanya mara baada ya kujiita hivyo. Anaondoka kwa haraka kwenda milimani kwa jamaa yake Elisabeti, mjamzito wa miezi sita, na anakaa naye yapata miezi mitatu. Mjakazi wa Bwana anakuwa mtumishi wa mama mwenzake. Tunatafakari tukio hilo katika fumbo la pili la furaha kila tunaposali Rozari ya Jumatatu na Jumamosi, lakini ni mara ngapi tumelifanya kuwa ratiba ya jumuiya?

Tumkumbuke pia Mtakatifu Yosefu. Alikuwa na njia ya kumwacha Maria kimyakimya, na kwa macho ya watu angeonekana mtu mwema. Aliambiwa asiogope, naye akabaki. Msichana mjamzito wa parokia yetu anamhitaji mtu mmoja aliyeambiwa asiogope.

Hofu zetu

Katika utume wa likizo nimewasikia akina mama wakisema wangependa kumsindikiza binti fulani, ila wanaogopa kuonekana wanaunga mkono. Hofu hiyo tusiidharau. Kanisa lina wajibu wa kufundisha usafi wa moyo na utakatifu wa ndoa, na vijana wanatuangalia. Lakini kusindikiza siyo kusifu. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kuwa huruma ni kuguswa moyoni na taabu ya mwingine hadi kusukumwa kumsaidia tukiweza. Haanzi kwa kuuliza taabu hiyo imetokana na nini. Tena hakuna msichana anayetafuta mimba ili apate mtu wa kumsugua mgongo. Kinachojulikana ni kinyume chake: binti anapoona hana mtu, ndipo anapoanza kuulizia kwa siri mahali pa kuitoa. Anayetaka mtoto azaliwe lazima amtake na mama yake.

Mchungaji mkuu wetu marehemu Papa Fransisko alilisema hili Mei 2013, alipotoa mfano wa msichana asiye na mume aliyekwenda parokiani kumwombea mtoto wake ubatizo na kukuta mlango umefungwa, ingawa alikuwa na ujasiri wa kutoiondoa mimba. Na Desemba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani, ikimjibu askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika, ilieleza kuwa mama hawa waliochagua uhai watiwe moyo kuzikaribia Sakramenti za Kitubio na Ekaristi badala ya kuzuiwa na ukali wa watu. Nidhamu yetu isiwe kali kuliko ya Kanisa lenyewe.

Wengine husema hiyo ni kazi ya serikali. Serikali inajenga wodi na kuajiri wakunga, lakini mkunga mmoja mwenye kina mama kadhaa kwenye uchungu hawezi kumshika mkono kila mmoja. Hilo pengo ni letu.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matano, yote yaliyo ndani ya uwezo wa parokia ya kawaida.

1. Kila kigango, kwa kupitia WAWATA, kichague wanawake wawili au watatu wenye busara na wanaojua kutunza siri. Nesi wa zahanati ya parokia au ya kijiji awafundishe dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni.

2. Msindikizaji aende na binti kliniki tangu mwanzo. Baadhi ya vituo humwomba mjamzito aje na mwenza wake, na binti asiye naye hurudi nyumbani kwa aibu. Akiwa na mama mtu mzima pembeni, mazungumzo yanabadilika.

3. Jumuiya iandae mapema vifaa na nauli: khanga, mpira, pamba, nguo za mtoto, na namba ya dereva anayepatikana usiku. Tunachangia harusi kwa kadi. Hiki ni kiasi kidogo sana.

4. Msindikizaji asiondoke kabla ya arobaini, na baada ya hapo afuatilie ubatizo na shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Shule zetu za Kanisa nazo zijiulize zinafanya nini na nafasi hiyo.

5. Pale ambapo binti alibakwa au ana umri wa mtoto, tusimalize mambo kifamilia. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Usiri wa msindikizaji ni wa kumlinda binti, siyo wa kumlinda mhalifu.

Nasisitiza kuwa kazi hii ni ya wanawake, siyo ya mapadre wala mafrateri. Sehemu yetu sisi ni nyingine.

Kwa mafrateri wenzangu

Miaka michache ijayo, Mungu akipenda, baadhi yetu tutakaa katika ofisi ya parokia siku ambayo mama ataingia na binti yake anayelia. Maneno yetu ya dakika tano za kwanza yataamua kama binti huyo atarudi tena. Tunasoma kuwa Sokrate, mwana wa mkunga Fainarete, aliifananisha kazi yake na ya mama yake: mkunga hazai kwa niaba ya mzazi, bali anamsaidia mpaka kilichomo kitoke salama. Ni somo zuri kwa falsafa, na ni zuri zaidi kwa uchungaji. Hatuwezi kubeba mimba ya mtu, wala aibu yake, wala maisha yake. Tunaweza kuhakikisha ana mtu.

Likizo ijayo tukirudi parokiani, kila mmoja wetu amwombe Paroko na viongozi wa WAWATA wakae nusu saa tu na swali hili: hapa kwetu, ni mabinti wangapi wana mimba sasa hivi, na kila mmoja wao anasindikizwa na nani? Pale ambapo jibu ni "hakuna," kazi yetu ya kutetea uhai ianzie hapo.

Bikira Maria, mjakazi wa Bwana, uliyemwendea Elisabeti, utuombee.