FUNDI WA NYUMBANI: Etajeri ya mgonjwa, iwe ya kushika na kutoka nayo



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa mtaa wa Murara, hapa Goma. Anaandika hivi:

"Papa Fundi, bwana yangu alichimba koltani miaka mingi kule Rubaya. Sasa kifua chake kimeharibika. Eko na pompi ya kuvuta, eko na mashine ndogo ya kupumulia dawa, eko na ile ya kupima tansio. Vyote viko chini ya kitanda, pamoja na viatu na bido ya maji. Nyumba yetu ni ya mbao, chumba ni kidogo, meza haiingii. Nifanye nini?"

Na chini kabisa ameongeza: "Mwaka 2021 tulipoambiwa kutoka, pompi tuliisahau. Alifika njia ya Sake anapumua kama mtu anayezama."

Watu wa Murara wanajua anasema nini. Kwa ninyi mnaotusoma mbali, huko Kolwezi, Manono au Kalima, tukumbushe kidogo. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, usiku, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei ikatoka amri: mitaa 10 ya Goma ihame, kwa kuwa moto unaweza kutokea tena. Murara ilikuwa kati ya hiyo 10. Watu wengi walishika njia ya Sake, wengine wakavuka Rwanda. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuona hayo tarehe 17 Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Na Januari 2025, vita vilipoingia mjini, tulikaa tena siku kadhaa bila kuran wala maji.

Kwa hiyo, Mama, etajeri yako iko na kazi mbili. Ya kwanza: dawa iwe karibu na mkono wa mgonjwa. Ya pili: siku ya kutoka, vyote vitoke pamoja, kwa mkono mmoja. Etajeri iliyopigwa misumari ukutani inafanya kazi ya kwanza tu. Tutengeneze kisanduku cha kutundika.

KISANDUKU. Upana sentimita 40, urefu wa kwenda juu 30, kina 20. Weka ubao mmoja katikati ili upate ngazi mbili. Kila ngazi iwe na ukingo mbele wa sentimita 8, vitu visianguke. Tumia mbao nyembamba zilizokauka, au tripleksi. Mbao mbichi ya mkaratusi inajipinda na ni nzito. Piga randa vizuri, mgonjwa asichomwe na vijiti. Juu funga mshipi imara, huku na huku, wa kuvaa begani.

KITUNDIKIO. Hapa ndipo penye akili ya kazi. Chukua ubao wenye upana wa sentimita 10 na unene wa 2 au zaidi. Uwe mrefu wa kutosha kufika kwenye nguzo mbili za ukuta. Upasue kwa urefu wake wote, lakini msumeno uulaze, usikate wima. Utapata vipande viwili, kila kimoja na ukingo uliolala kama paa.

Kimoja kifunge ukutani: ukingo uliolala uwe juu, na ncha yake kali iwe upande wa chumba, mbali na ukuta. Kile cha pili kikate kiwe na sentimita 40, ukifunge mgongoni mwa kisanduku, sehemu ya juu: ukingo uliolala uwe chini, ncha kali iwe mbali na kisanduku. Mgongoni sehemu ya chini ongeza kipande kingine chenye unene uleule, ili kisanduku kisimame wima. Sasa ukikishusha, kipande chake kinaingia nyuma ya kile cha ukutani, na uzito wenyewe unakikaza. Ukikiinua, kinatoka. Hakuna msumari wa kung'oa.

FUNGA KWENYE NGUZO. Mbao za kuta zetu ni nyembamba, hazishiki uzito. Angalia mistari ya vichwa vya misumari ukutani: hapo ndipo nguzo ilipo. Tumia visi na turnevisi, usipige misumari. Mimi mwenyewe nilikosea. Nilimpigia mama yangu etajeri kwenye ubao mtupu. Usiku mmoja ikaanguka, chupa yake ya insulini ikavunjika. Ilikuwa siku ya pili ya mwezi, na pesa ya nyingine hatukuwa nayo. Tangu hapo ninapima kwanza: tundika bido ya maji ya lita 5, hizo ni kilo 5, uiache mpaka kesho yake. Kama kitundikio hakikusogea, weka dawa.

MAHALI PAKE. Usipime kwa jicho lako ukiwa umesimama. Mwambie mgonjwa alale, anyooshe mkono anaoutumia. Pale vidole vinapofika bila kuinua kichwa, ndipo ngazi ya chini iwe. Isiwe juu ya kichwa chake hata kidogo. Isiwe chini ya bati linalovuja, wala karibu na mbabula.

KUPANGA. Pompi ikae peke yake, katika mfuko mdogo wa kitambaa mbele ya kisanduku, ili mkono uipate hata gizani. Mashine ya kupumulia dawa ikae ngazi ya chini, maana ni nzito. Wakati inafanya kazi itoe nje, kwa kuwa matundu yake yanahitaji hewa. Kikombe chake na kifuniko cha uso vioshwe na kukaushwa kabla ya kurudishwa. Unyevu unaleta vijidudu. Juu weka vidonge, mashine ya tansio na tochi. Mwisho, weka karatasi ndani ya sashe ya plastiki: jina la mgonjwa, ugonjwa wake, dawa zake na kiasi cha kila moja. Mwuguzi wa kambi hamjui bwana yako, lakini karatasi ataisoma.

ANGALIENI. Kama mgonjwa anatumia ile mashine kubwa ya oksijeni, isiingie kwenye kisanduku chochote. Ikae chini, mbali na ukuta karibu sentimita 30, ipate hewa. Chupa ya oksijeni isimamishwe na kufungwa kamba ukutani. Na chumba chenye oksijeni hakina mshumaa, hakina sigara, hakina mbabula. Nyumba ya mbao haingoji mara mbili. Tena moshi wa makala peke yake ni adui wa kifua kilichokwisha kuliwa na vumbi la mashimo.

Mama wa Murara, kazi hii ni ya siku moja kwa menizye, na mabaki ya mbao yanatosha. Lakini ikiisha, bado kitu kimoja. Jioni moja zima taa, umwite mtoto wako mkubwa, umwambie: "Kamata sanduku la papa, tutoke." Mhesabie mpaka kumi. Kama kimemshinda, punguza uzito au shusha kitundikio. Fanyeni hivyo kila mwezi. Siku ya haraka hakuna anayekumbuka vizuri, wewe wala mimi. Mkono ndio unaokumbuka, kama umezoea.

Msalimie bwana yako. Mwezi ujao: mlango unaokwaruza chini wakati wa mvua.

Fundi wenu