Sauti ya Vanga Bungeni isingoje 2027

Katiba ya Kenya imekwisha kuipanga siku: Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10, mwaka 2027. Ni siku ya uchaguzi mkuu, na ndiyo siku ambayo muhula wa Bunge la 13 utakoma. Mswada ambao haujakamilika utakufa pamoja na Bunge lake. Hoja iliyokuwa ikingoja zamu, swali ambalo halijajibiwa na ombi ambalo kamati haijalitolea ripoti itabidi yaanzwe upya na wabunge wapya, kama kuna atakayeyakumbuka. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanaihesabu tarehe hiyo kuwa siku ya kuchagua. Gazeti hili linawakumbusha kwamba ni siku ya kufungiwa mlango vilevile.

Vanga imo katika eneo bunge la Lunga Lunga, kaunti ya Kwale, mojawapo ya maeneo bunge 290 ya nchi, lililomegwa kutoka Msambweni na kupata mbunge wake wa kwanza mwaka 2013. Mji huu uliwahi kuipa jina wilaya nzima katika siku za mwanzo za ukoloni. Leo unatajwa Nairobi mto ukifurika au mvuvi akikamatwa. Mbunge wa eneo la mpakani kama hili kwa kawaida huketi nyuma. Hana wizara, hana gari la bendera, wala si yeye anayepanga ratiba ya shughuli za Bunge. Alicho nacho ni dakika chache anazopewa na Spika, pamoja na haki ya kuuliza. Kwa hizo tu, Ibara ya 95 ya Katiba inamtaka awawakilishe watu wake na kujadili mambo yanayowagusa.

Kazi hiyo imesukumwa kando, na lawama si za mtu mmoja. Sisi wapigakura tumezoea kumpima mbunge kwa fomu za basari, kwa darasa lililopakwa rangi na kuandikwa jina la mfuko wa eneo bunge, kwa idadi ya matanga aliyofika na uzito wa bahasha aliyoiacha. Anayeonekana kila Ijumaa msikitini na kila Jumamosi kwenye harambee huitwa mchapakazi. Ni nadra mtu kusimama barazani akauliza mheshimiwa alisema nini Jumatano alasiri, mswada fulani ulipokuwa ukisomwa mara ya pili.

Na huko ukumbini mambo hayatii moyo. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, na Katiba inaridhika na 50 tu ili kikao kiendelee. Hata hao 50 hukosekana, kengele ikapigwa, wakaitwa kutoka mkahawani na kwenye vishoroba. Anayepata nafasi husimama, humshukuru Spika kwa kumpa fursa, hutangaza kwamba anaunga mkono hoja, hutoa pole au pongezi, hugusia barabara ya kwao, kisha hukaa. Maneno hayo huingia katika Taarifa Rasmi, yaani Hansard, na kuhesabiwa kuwa mchango. Ibara ya 103 inamnyang'anya kiti mbunge anayekosa vikao vinane vya mwaka mmoja wa Bunge bila ruhusa wala sababu ya maana. Haina neno juu ya anayehudhuria vyote asiseme la maana hata siku moja.

Kwamba wabunge wanajua kufika wanapotaka, hilo lina ushahidi. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mwaka 2015 ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, inakiuka Katiba. Julai 2025 Bunge la Taifa likapiga kura ya kuuingiza mfuko huo ndani ya Katiba yenyewe. Marekebisho ya namna hiyo yanahitaji theluthi mbili, yaani kura 233, na siku hiyo kiwango hicho kilipitwa kwa mbali. Ukumbi haukuhitaji kutafutiwa watu.

Lakini mfuko huo wanaoupigania haukuletwa na waziri. Ulisukumwa na mbunge asiye na wadhifa serikalini, Muriuki Karue wa Ol Kalou, hadi ukawa sheria mwaka 2003. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo ililetwa na mbunge mteule, Njoki Ndung'u, katika Bunge lililojaa wanaume wenye kejeli. Wanaosema kwamba mbunge wa nyuma hana uwezo wanatoa udhuru huku wakila matunda ya kazi ya mbunge wa nyuma.

Pwani yenyewe ina historia hapa. Mwaka 1981, waziri wa wakati huo Charles Njonjo alipowakejeli wabunge saba wakorofi kwa kuwaita madada wenye ndevu, wawili kati yao walikuwa wetu: Chibule wa Tsuma wa Kaloleni na Mwashengu wa Mwachofi wa Wundanyi. Walisema katika nchi ambamo kusema kulikuwa na bei. Miaka sita kabla yao, Oktoba 1975, mbunge Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya viwanja vya Bunge kwa maneno waliyoyatamka ukumbini, wakawekwa kizuizini hadi mwisho wa 1978. Mbunge wa leo analindwa na Katiba kwa kila analotamka mle ndani. Hakamatwi na mtu, na bado ananyamaza.

Kwa Kwale, siku ambayo ukumbi ule ulitupeleka hadi kwenye vyombo vya habari vya ng'ambo haikuwa ya mjadala. Ilikuwa Agosti 7, 2019, Mwakilishi wa Wanawake Zuleikha Hassan alipoingia na mtoto wake mchanga akaamriwa atoke. Alikuwa na hoja nzito kuhusu akina mama kazini, na tunamheshimu kwa kuifikisha. Ila inaumiza kwamba dunia ilimsikia zaidi alipofukuzwa kuliko inavyowasikia wenzake wanapopewa nafasi.

Kimya hiki kina bei, na Vanga inailipa.

Tuanze na bahari. Mpaka wa Kenya na Tanzania unaingia baharini hapo Ras Jimbo, karibu kabisa na mji. Nchi hizi mbili ziliafikiana juu ya mpaka huo wa majini mwaka 1976, na makubaliano yale hayakuchora mstari tu. Yaliwaruhusu wavuvi wenyeji wa pande zote mbili, wale wanaovua kwa kujikimu, kuvua hadi umbali wa maili 12 za baharini upande huu na upande ule wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Hiyo ni ahadi ya serikali mbili kwa mtu mwenye ngalawa na nyavu. Mvuvi wa Vanga anayefuata samaki kuelekea maji ya Pemba, kama babu yake alivyofanya kabla hakujawa na mpaka wowote, anaondoka na hofu ya kukamatwa, kunyang'anywa mashine ya boti na kuzuiliwa hadi jamaa zake wachange faini. Kila tukio la namna hiyo huzua mbio za simu: chifu, mbunge, ubalozi. Mtu akitoka, suala hufungwa hadi mwingine akamatwe.

Swali ambalo mbunge anapaswa kulifikisha Bungeni ni jepesi kulitamka: kipengele kile cha 1976 bado kina nguvu? Kama kinayo, ni kanuni zipi zinazokitekeleza, na doria za nchi jirani zimearifiwa lini? Kama kimekufa, nani alikiua, na kwa idhini ya nani? Waziri wa Mambo ya Nje atalazimika kujibu, na jibu lake litabaki kwenye kumbukumbu, ambapo wakili wa mvuvi anaweza kulishika na kulisoma mahakamani. Simu za usiku haziachi kumbukumbu.

Mikoko nayo ina saa yake. Gazi, nayo ya Kwale, ilikuwa ya kwanza duniani kuuza hewa ya kaboni ya mikoko, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Vanga, Jimbo na Kiwegu zikafuata na msitu wao, mkubwa kuliko ule wa Gazi. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi na kuweka mgao wa jamii: si chini ya asilimia 40 ya mapato, baada ya gharama kutolewa, kwa miradi ya ardhini, na asilimia 25 kwa isiyo ya ardhini. Mtu wa Nairobi hupita juu ya maneno hayo bila kukwama. Mtu wa Vanga anaujua mkoko: maji yakitoka unatembea kwenye tope kati ya mizizi yake, bamvua ikijaa unapita na mtumbwi mahali palepale. Uhesabiwe wapi? Tofauti ya asilimia 15 ni madawati na maji ya kunywa ya vijiji vitatu. Mwenye haki ya kudai ufafanuzi huo ukumbini, na kuudai hadi uandikwe kwenye kanuni, ni mbunge wa watu wanaoitunza mikoko hiyo. Mikataba ya biashara hii huwa ya miaka mingi. Kosa likipita leo, watakaolilipa bado wako shule ya chekechea.

Nani hajui gharama ya kuchelewa katika Kwale? Kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba mchanga wa madini mwaka 2013 na kumaliza mwishoni mwa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha waziwazi: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Miaka mingi ilipita mgao wa jamii ukiwa kwenye karatasi tu huku meli zikipakia mchanga Likoni. Mgodi haukungoja sheria itekelezwe. Uliisha. Sasa macho ya wenye mitaji yako Mrima, ndani ya Lunga Lunga, kwenye kilima ambacho serikali ilimfutia mwekezaji leseni mwaka 2013 na kesi ikafika hadi mahakama ya usuluhishi ya kimataifa. Kitakachoamuliwa juu ya kilima hicho kitajadiliwa Nairobi kabla ya kusikika huku Dzombo. Kama kanuni za mgao wa jamii hazitakuwa zimekazwa kabla ya katapila la kwanza kufika, hadithi ya Nguluku na Maumba, kulikokuwa na mgodi ule, itarudiwa hatua kwa hatua.

Kuhusu mto Umba hatusemi mengi, maana masika yatajisemea yenyewe. Mto unatoka Usambara, Tanzania, na unamwaga maji yake Vanga. Hakuna hazina ya kaunti inayoweza kuutawala mto wa nchi mbili. Ni suala la mataifa, na njia yake ni Bunge.

Tunajua watakaopinga watasema nini: kwamba wakuu wa vyama ndio huamua kura, kwamba mtu mmoja hageuzi bajeti, kwamba mbunge mwerevu hupata zaidi kwa kunong'ona na waziri kuliko kwa kumhoji mbele ya kamera. Upo ukweli kidogo katika la mwisho. Lakini manong'ono humfuata mnong'onaji anapoondoka, na waziri naye hubadilishwa. Taarifa inayoombwa chini ya Kanuni za Kudumu humlazimu mhusika kujibu, na mbunge ajaye huanzia pale mwenzake alipoishia. Wabunge wa Kwale, tuwatendee haki, wamewahi kuyagusa mengi ya haya. Tatizo ni kuyagusa na kuyaacha. Swali huulizwa, ahadi hutolewa, na hakuna anayerudi baada ya miezi sita kuidai.

Wala lugha si kizuizi. Ibara ya 120 inakifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na mbunge wa pwani akisimama kwa Kiswahili anasikika bila mkalimani hadi kwenye banda la wavuvi. Miswada yenyewe ndiyo inayoendelea kuchapishwa kwa Kiingereza, na Tume ya Huduma za Bunge haina sababu ya kuridhika na hali hiyo.

Uamuzi wetu ni kwamba miezi iliyosalia itoshe au isitoshe, itumike. Mbunge wa Lunga Lunga, Seneta na Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale waweke hadharani kila swali, taarifa na marekebisho waliyowasilisha tangu 2022 pamoja na majibu waliyopata, na hilo lifanywe Vanga kwa Kiswahili kabla bajeti nyingine haijasomwa. Suala la makubaliano ya 1976 lifikishwe Bungeni katika kikao hiki. Atakayekuja kuomba kura mwaka 2027 akiwa na fomu za basari peke yake aulizwe ukurasa wake katika Hansard.

Na wavuvi wasikae wakingoja hisani ya mtu. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na halihitaji wakili wala chama. Vikundi vya ufuo vya Vanga, Jimbo na Shimoni viliandike sasa, vilitie sahihi na kulipeleka kwa Karani wa Bunge, vidai risiti yenye namba na tarehe, na nakala yake vimkabidhi mbunge mbele ya mashahidi.