Kabla ya taa, uliza kina

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaotaka kufuga matumbawe nyumbani ni hili: "Fundi, ninunue taa gani?" Nami huwauliza: tumbawe lenyewe limetoka kina gani? Wengi hunung'unika. Wameshaiona kwenye simu taa ya LED inayobadilisha rangi, bei wanaijua, na wanachotaka kwangu ni neno "ndiyo" tu. Siwapi. Asiyejua tumbawe limetoka wapi hawezi kulichagulia taa, na kama hawezi kulichagulia taa, asilinunue.

Mimi ni mtu wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji. Kabla ya Machi 2021, mji wetu uliposhambuliwa na watu wakatawanyika kwa miguu na kwa vyombo vya baharini, kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye miamba ya Vamizi na visiwa vya jirani. Siku hizi natengeneza matangi ya maji ya bahari Dar es Salaam. Mambo ya mwanga wa matumbawe niliyajua kule, kabla sijawahi kushika kipima mwanga.

Kwetu, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Na bamvua la pwani hii hupwa mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Akina mama wanaposhuka na vijiti vyao kutafuta pweza, matumbawe ya juu ya mwamba huwa na maji ya magotini, na mengine huwa yamechomoza kabisa. Alasiri, saa kumi, pale pale pana maji ya kumzamisha mtu mzima mara mbili. Tumbawe la hapo limezoea misukosuko ya jua. Sasa zungukia upande wa bahari kuu, ushuke ukutani mita 15 au 20. Utakuta matumbawe membamba, mapana, yaliyojitandaza ili yasipoteze hata chembe ya mwanga unaofika. Hayajawahi kupigwa na jua la utosi tangu yaanze kuota. Ukiyapandisha na kuyaweka chini ya taa ileile moja na wenzao wa juu, hayatamaliza mwezi.

Sababu ni kwamba ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe hutoka humo. Mwanga ukiwa haba, mwani huongezeka na tumbawe hugeuka kahawia. Mwanga ukizidi, hasa maji yakiwa na joto, mwani huanza kuzalisha oksijeni yenye sumu, tumbawe huutimua na kubaki jeupe. Joto la El Niño la mwaka 1998 liliyapausha hivyo matumbawe mengi ya Afrika Mashariki. Mtu anayewasha taa mpya kwa asilimia 100 siku ya kwanza anayafanyia vivyo hivyo ya sebuleni kwake.

Mwanga huo unapimika. Kipimo chake huitwa PAR, yaani ule mwanga ambao mmea unaweza kuutumia. Adhuhuri, juu ya uso wa bahari yetu, hufika karibu 2,000. Kwenye maji meupe, ukishuka mita 10 hubaki kama theluthi, na ukishuka mita 20 hupungua tena hadi chini ya nusu ya hiyo. Ndani ya tangi namba ni ndogo zaidi: matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 150, na yale ya matawi, kama Acropora, huhitaji 200 hadi 350. Usione ni kidogo. Jua huchomoza likapanda, likafunikwa na wingu, likatua; taa huwaka kwa nguvu ileile saa nane au kumi mfululizo.

Ninapofika nyumbani kwa mteja, kazi ya kwanza ni kuzamisha kipima mwanga. Nakiweka juu ya jiwe nasoma 310. Nakishusha shubiri moja, nasoma 190. Nakipeleka pembeni mchangani, nasoma 70. Tangi moja, taa moja, ila mna mitaa mitatu yenye hali ya hewa tofauti. Mara nyingi mteja hahitaji taa nyingine. Anahitaji kulishusha tumbawe lake shubiri moja. Na kama taa ni mpya, namwambia aanze na nusu ya nguvu au chini ya hapo, aipandishe polepole kwa wiki kadhaa, huku akitazama rangi.

Kuna pia habari ya buluu. Maji humeza rangi nyekundu mwanzo. Mzamiaji aliyejikwaruza akiwa chini sana huona damu yake haina wekundu wowote. Buluu ndiyo inayofika mbali. Kwa hiyo si uongo kwamba taa za matumbawe huwa za kibuluu: nyingi huandikwa Kelvin 14,000 hadi 20,000, wakati jua la mchana huwa kama 5,500 hadi 6,500. Lakini wauzaji wanaipenda buluu kwa sababu nyingine. Matumbawe mengi yana protini zinazong'aa zikipigwa na buluu, na dukani mng'ao ndio unaofungua pochi. Mng'ao huo hausemi lolote kuhusu afya. Kuna matumbawe yanayong'aa zaidi yanapoanza kupauka.

Tuje kwenye LUKU, yaani gharama ya umeme. Taa ya LED ya wati 150 ikiwaka saa kumi kwa siku hula uniti 45 kwa mwezi. Kwa bei ya kama shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, hiyo ni shilingi 16,000. Balbu ya zamani ya gesi ya wati 400 hula uniti 120, zaidi ya shilingi 42,000, na joto lake hulazimisha kununua mashine ya kupozea maji. Hapo LED inashinda bila ubishi. Ila ukibakiwa na fedha, usiongeze taa. Nunua betri ya pampu. Umeme ukikatika mchana kutwa, tumbawe huona kama siku ya mawingu ya masika. Maji yakisimama usiku kucha, oksijeni huisha na kila kitu hufa.

Nalirudia swali la kina kwa sababu haliishii kwenye tangi. Mwaka 2012, mtafiti David Obura wa Kenya alionyesha kwamba kaskazini mwa Mlango wa Msumbiji, eneo ambalo pwani yetu imo, ndiko kwenye aina nyingi zaidi za matumbawe magharibi mwa Bahari ya Hindi. Hata humo maji hayafanani. Vamizi husafishwa na mkondo utokao bahari kuu, lakini karibu na mdomo wa Ruvuma, masika, maji hugeuka ya udongo na mita 5 za pale zina giza kuliko mita 15 za kule. Tumbawe likifika dukani kwenye mfuko wa plastiki bila historia, hayo yote yamepotea. Mnunuzi anabaki kubahatisha. Likifa, anakwenda kuchukua lingine, na mtu mwingine ameshuka na tindo kulibandua.

Mkataba wa CITES umeyaweka matumbawe magumu kwenye Kiambatisho cha Pili: hayavuki mpaka bila kibali. Kibali ni haki kukidai, lakini hakitakuambia kiasi cha mwanga. Njia iliyo bora ni vipandikizi, yaani vipande vilivyokatwa kutoka kwa tumbawe lililokulia kwenye tangi. Aliyevikuza anajua vilikuwa chini ya taa gani, umbali gani, kwa saa ngapi. Hicho ndicho cheti ninachokiamini mimi.

Watu wa Palma wamekuwa wakirudi nyumbani, na siku pwani ile itakapotulia wageni watarudi pia. Miongoni mwao watakuwamo wafanyabiashara wanaotafuta cha kuuza, na mwamba usio na mlinzi hubanduliwa haraka. Biashara hiyo huanzia sebuleni, kwa mnunuzi asiyeuliza. Basi uliza mambo matatu: limetoka wapi, lilikuwa kina gani au chini ya mwanga wa kiasi gani, na kibali kiko wapi. Muuzaji akibabaika hata kwenye moja, mwachie tumbawe lake, na taa usiinunue kwanza.